Mwano wa Mahona

Jumamosi, 20 Novemba 1937

Mvua ya kwanza imenyesha leo alasiri, nami nimefungua daftari hili. Padri alinipa nilipokwenda misioni Tabora mwezi uliopita, akaniagiza niandike humo mahudhurio ya wakatekumeni, wale wanaojiandaa kubatizwa. Wakatekumeni ni saba, na daftari ni nene. Nimeonelea kurasa zitakazobaki ni zangu.

Basi nijitaje, hata kama msomaji ni mimi mwenyewe. Mimi ni Hilari, katekista wa kigango cha Itobela, mwendo wa asubuhi nzima kutoka stesheni ya Usoke. Nina mke, Josepha, na binti wa miaka mitatu, Marcelina. Nina kanisa la udongo na kengele ambayo ni kipande cha reli. Watu husifu mahubiri yangu, na sioni haya kusema kwamba wana haki.

Jirani yangu ni Mahona, mrina asali. Kati ya mlango wake na wangu ni hatua themanini; nilizihesabu siku moja nikiwa sina kazi. Hataki kubatizwa. Huniuliza kama Mungu wangu anasikia Kinyamwezi au mpaka aitwe kwa Kilatini. Mkewe, Ng'washi, hajui kutunza moto usiku. Kila asubuhi huja na kigae mlangoni kwetu kuomba kaa. Josepha humpa, wanaanza kusengenya, kaa linapoa, anapewa jingine. Hivyo ndivyo tulivyoishi miaka minne.

Jumatatu, 22 Novemba

Tumepanda mahindi. Mgongo wauma.

Ijumaa, 3 Desemba

Mvua. Paa la kanisa linavuja juu ya altare, hasa pale pale ninaposimama.

Jumanne, 14 Desemba

Simba amemuua Katarina, yule bibi anayefagia kanisa. Saa nne ya asubuhi, jua linawaka, kwenye matuta yake ya viazi. Wajukuu walidhani ameingia kichakani kuchuma mboga.

Tulifuata damu hadi korongoni. Tulikuta kanga, tukakuta mguu mmoja ungali na bangili yake ya shaba, halafu kichwa. Uso haukuwa na jeraha hata moja. Mahona alivua shuka lake akakifunika, akaniambia nishike kapu. Nililibeba mpaka kijijini, nalo lilikuwa jepesi mno kwa mtu mzima. Nilitapika mara mbili njiani, Mahona akawa anajifanya haoni.

Tumemzika jioni hii hii. Nilihubiri kaburini kwamba anayemtegemea Mungu hana haja ya kuogopa mnyama yeyote. Nilihubiri vizuri sana. Wanawake waliacha kulia wakanisikiliza.

Alhamisi, 16 Desemba

Mwanangwa, yaani mkubwa wa kijiji, ametuita wote barazani kwake. Amekwisha tuma habari boma aletwe mtu mwenye bunduki, lakini mito imejaa, haijulikani atafika lini. Kwa hiyo ametukumbusha sheria ya mwano. Mwano ni ule ukelele wa hatari wa wazee wetu. Ukipigwa, kila mwanamume anayeusikia hutoka na silaha yake na kukimbilia unakotoka, awe mgonjwa, awe anakula, awe hasemezani na aliyeupiga. Nyumba ambayo mwanamume wake amesikia na hakutoka hufungwa. Haipewi moto wala haiombwi moto, haisalimiwi, na siku yenyewe ikipiga mwano haiendewi.

Mahona aliniuliza kwa mzaha kama katekista naye hukimbia, au hubaki akipiga kengele. Watu walicheka. Nilimjibu kwamba nitamfikia kabla hajamaliza kulia. Nikaenda nyumbani nikaushusha mkuki wa marehemu baba, nikaupaka mafuta, nikautundika juu ya mlango.

Jumamosi, 25 Desemba

Noeli. Kanisa limejaa hadi nje, hata wasiobatizwa wamekuja. Hofu inaleta watu. Nimefurahi, kisha nimeona haya kwa kufurahi.

Jumapili, 9 Januari 1938

Wanaume wawili kwa siku moja, baba na mwanawe, walipokuwa wakipalilia. Mwano ulipigwa, nami nilikwenda. Nilikwenda nyuma ya wenzangu, na ninaandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Baba tulimkuta tumbo limefunguka, akijaribu kulifumba kwa mikono na kuomba radhi kwa kutusumbua. Alikufa tukiwa tunambeba. Mwana hatukumpata siku hiyo, na tulichokipata kesho yake sitakiandika.

Sasa wanasema si simba mmoja. Wengine wanasema si simba.

Alhamisi, 20 Januari

Mahindi yamenipita kimo. Njia ya kisimani imekuwa kama uchochoro, huoni kilicho hatua tatu mbele. Josepha huenda kuteka maji akiimba kwa nguvu ili nijue bado yuko. Akinyamaza kuvuta pumzi, naacha ninachofanya nikasikiliza.

Jumatano, 2 Februari

Mahona ameuawa na simba leo alasiri, mlangoni kwake. Ng'washi amejeruhiwa bega. Mvua ilikuwa kubwa mno, radi juu ya radi, nasi tulikuwa ndani tunasali. Sikusikia vizuri. Mungu amrehemu.

Alhamisi, 3 Februari

Tumemzika. Mwanangwa aliniuliza mbele ya watu kama nilisikia mwano. Nikasema mvua. Akamtazama Josepha. Josepha akatazama chini.

Ijumaa, 4 Februari

Dada yake Ng'washi, aliyekuja kumwuguza, alipita mbele ya mlango wetu asubuhi akiwa na kigae. Alikwenda kuomba moto nyumba ya sita.

Jumapili, 6 Februari

Nimegonga kengele. Wamekuja Josepha na Marcelina. Nilisoma ibada yote kwa ajili yao wawili, na Josepha hakuitikia.

Baada ya ibada mwanangwa alisimama uani kwangu, hakuingia, akatamka kwamba nyumba yangu imefungwa.

Jumatano, 9 Februari

Josepha amelisoma daftari hili. Amelirudisha mezani, limefunguliwa kwenye ukurasa wa tarehe mbili, akaniambia, "Baba Marcelina, wadanganye watu. Daftari usilidanganye."

Basi naandika. Nilisikia. Mvua ilikuwa kubwa, lakini Mahona alikuwa na sauti ya mtu anayeitana na wenzake porini. Mwano wa kwanza niliusikia nikiwa nimekaa kwenye kigoda. Niliusikia pia mngurumo wa mnyama, na sauti ya Ng'washi. Mkuki ulikuwa juu ya mlango, ningeufikia bila kunyoosha vidole. Nilikwenda mlangoni kweli. Nilichokifanya ni kutia komeo.

Josepha alisema kuna mwano. Nikamwambia tupige magoti. Akasema tena, akanyanyuka, nami nikamshika mkono nikamvuta chini kwa nguvu hata akaumia, nikaanza rozari. Nilijiambia nina mtoto. Nilijiambia Mungu anaweza kumwokoa Mahona bila mimi, na kwamba kukaa na kumwachia yeye ndiko kumtegemea. Nilisali kwa sauti ya juu, na kila Mahona alipoongeza yake niliongeza yangu.

Kisha akaacha kupiga mwano, akaita jina. Hakuita Mwalimu kama kawaida yake ya kunitania, aliita Hilari. Aliita mara nne. Nilikuwa kwenye fumbo la tatu la rozari.

Walipokuja wengine kutoka ng'ambo ya kijiji, simba alikwisha ondoka. Nilitoka nyuma yao, mvua ikiwa imekatika. Mahona alikuwa ameegemea ukuta wake, koo limetoka, vidole vya mkono wa kulia vimetawanyika kwenye matope pamoja na vipande vya nta. Ng'washi alikaa miguuni pake, bega lake linaonyesha mfupa. Alinitazama. Nguo zangu zilikuwa kavu.

Nimekuwa nikijiita mtu wa imani. Nilikuwa mwoga mwenye rozari.

Jumamosi, 12 Februari

Mvua. Mtu mwingine amekufa, mwanamke wa upande wa pili. Mwano ulipopigwa nilikuwa mbali, nikakimbia hata hivyo. Nilipofika waliniachia njia pana nipite, kama mwenye ndui, nikarudi.

Jumatano, 16 Februari

Nimezungumza na mtu. Mfaume, fundi cherehani, mwenyeji wa mtaa wa Kanyenye mjini Tabora, aliyehamia hapa kwetu, kwenye njia ya zamani ya misafara. Babu yake alikuja na msafara wa pembe za ndovu, akaugua, akaachwa, akapona, akaoa. Mfaume anasema yeye hakuhudhuria baraza la kufunga nyumba yangu kwa kuwa alikuwa anashona, hivyo hajui kama imefungwa.

Alinipa kigoda. Nilimweleza kila kitu, nikashangaa kwamba naweza. Nikamwambia kwamba siku ile nilikuwa nasali, na kwamba sala si kitu kibaya. Alikata uzi kwa meno kabla ya kujibu.

"Hata mimi nilisali, Mwalimu," alisema. "Nilimwomba Mola njia nzima. Nilisali nikikimbia."

Anaishi mbali kuliko mimi mara nne, naye siku ile ndiye aliyefika wa kwanza.

Jumatano, 2 Machi

Jumatano ya Majivu. Simhubirii mtu.

Ijumaa, 11 Machi

Nimemwandikia Padri anihamishe. Nimetaja afya ya mtoto. Mtoto ana afya njema.

Alhamisi, 24 Machi

Padri amejibu kwamba baada ya Pasaka nitahamia misioni Tabora. Nimelipokea jibu kwa furaha, halafu nikashindwa kula.

Jumatatu, 28 Machi

Josepha huenda kwa Ng'washi tangu wiki ya kwanza. Hakuniomba ruhusa wala hakuniambia. Humwosha bega kwa maji ya moto na chumvi, na siku zote hizi Ng'washi amemgeuzia uso ukutani. Kidonda kilioza, kikatoa funza, sasa kinaanza kufunga, lakini mkono wenyewe umekufa, unaning'inia.

Leo Ng'washi amesema. Josepha amenisimulia akiwa amesimama, hakutaka kukaa. Simba alipomshika Mahona mara ya pili, Ng'washi alimwambia waingie ndani, wafunge, mlango ulikuwa nyuma yao. Mahona alikataa, maana kwa kufunga wangempa mnyama kisogo. Alimwambia Ng'washi, "Vumilia kidogo. Hilari yuko njiani."

Ndiyo maana aliita jina. Hakuwa ananiomba. Alikuwa ananielekeza alipo simba, kwa kuwa hakuwa na shaka kwamba nimekwisha toka.

Nimelia mbele ya mke wangu. Hakunigusa. Miaka minne namfundisha mtu yule maana ya kuamini asichokiona, naye ameniamini mimi hadi koo lake likakatwa.

Jumamosi, 9 Aprili

Mahindi yamekauka. Watu wanavuna kwa makundi, wengine wakilinda na mikuki. Sisi tunavuna peke yetu. Simba hajaonekana siku kumi na nane.

Jumatano, 4 Mei. Hospitali, Tabora

Naandika kwa mkono wa kushoto. Kila mstari ni kazi ya shamba. Nitaandika kidogo kila siku.

Ilikuwa Alhamisi Kuu, tarehe kumi na nne Aprili, saa tatu ya asubuhi. Nilikuwa navunja mahindi. Josepha alikuwa nyumbani na mtoto. Shamba la Mahona linapakana na letu, na Ng'washi alikuwa humo akivuna kwa mkono mmoja. Dada yake alikuwa amepeleka kapu nyumbani. Nilisikia mabua yanavunjika. Kisha Ng'washi akapiga mwano, mara moja tu.

Nataka hili liandikwe. Nilipiga magoti. Sikuamua. Magoti yalikwenda chini yenyewe, na ulimi ukaanza Salamu Maria, na mwili wote ukataka kubaki pale kwenye kivuli cha mabua mpaka yaishe. Hofu ilikuwa ile ile ya Februari, haikupungua hata punje. Sala nayo ilikuwa ile ile. Nikamkumbuka Mfaume na uzi wake. Nikainuka, Salamu Maria ikiwa nusu, nikakimbia nayo.

Alhamisi, 5 Mei

Alikuwa simba jike, amekonda, mbavu zinahesabika. Alimshika Ng'washi paja, akawa anamvuta kinyumenyume. Ng'washi alikuwa ameng'ang'ania bua moja, na bua likang'oka. Nilikuwa na panga la kuvunia. Nilimpiga mnyama mgongoni. Panga lilizama kidogo tu, kama kwenye gogo lililolowa. Akamwachia Ng'washi akanigeukia.

Sikumwona akiruka. Nilikuwa chini, na mkono wangu wa kulia ulikuwa mdomoni mwake hadi kiwiko. Nilisikia mifupa ikivunjika kabla sijasikia maumivu. Harufu ya mdomo wake ilikuwa ya usaha. Alinitikisa, uso wangu ukapigwa kwenye mabua, jicho likajaa damu. Nikapiga mwano. Nilijua kwamba nyumba yangu haiendewi. Nilipiga hata hivyo, na katikati yake nikamwita Mungu kwa Kinyamwezi, lugha ya mama yangu, ambayo sikuwahi kusali nayo tangu nilipojua kusoma.

Jumamosi, 7 Mei

Ng'washi angeweza kuondoka. Paja lake lilikuwa limechanika lakini mfupa ulikuwa mzima, na simba alikuwa na kazi na mimi. Nilimwona akijivuta. Nilidhani anakwenda zake, na sikumlaumu. Alikuwa anajivuta kulifuata panga. Aliliokota kwa mkono wake mmoja, akamkata yule simba shingoni. Akamkata tena. Alikuwa analia kwa hasira na kusema maneno ambayo katekista hawezi kuyaandika. Kila pigo liliushtua mdomo ule, na meno yakaingia zaidi mkononi mwangu, nikamwomba asiache.

Kisha Mfaume akatokea kwenye mabua na mkuki, na kanzu yake imechanika. Nyuma yake alikuja mwanangwa mwenyewe, na nyuma ya mwanangwa kijiji kizima. Mikuki yao ilimwingia yule mnyama kutoka pande zote, mmoja ukanichoma mimi paja. Alikufa juu yangu. Ilibidi wamfungue mdomo kwa jembe ili nitoke.

Walimkuta na mwiba wa nungu umevunjikia kwenye taya, na meno ya upande ule yameoza. Ndiyo maana alikuwa anakula watu, hawezi tena kushika swala. Alikuwa ni simba tu. Watu waliomsubiri awe kitu kikubwa zaidi walisimama wakimtazama.

Mwanangwa alinifunga mkono kwa kilemba chake. Baadaye walinibeba kwa machela hadi Usoke, kisha kwa treni. Yeye mwenyewe alishika mti mmoja wa machela hadi stesheni. Njiani aliniambia alipousikia mwano ule hakujua ni wa nani, na alipoitambua sauti alikuwa keshakimbia nusu ya njia, akaona kurudi ni aibu.

Jumatatu, 9 Mei

Mkono umekatwa juu ya kiwiko. Padri amekuja kunitazama. Amesema nafasi ya misioni bado ipo, na mtu wa mkono mmoja anaweza kufundisha vizuri tu mjini. Nimemwomba aniache Itobela. Akaniuliza kama siogopi tena. Nimemjibu kwamba naogopa, Padri, naogopa hata mlango huu wa wodi ukigongwa. Nimemwambia pia juu ya Mahona na komeo, vyote, wala sikutaja afya ya mtoto.

Alhamisi, 19 Mei. Itobela

Tumefika jana jioni. Mvua zimekwisha, mabua yote yamelazwa, na kutoka mlangoni kwangu naona hadi mlango wa Mahona bila kizuizi. Hatua themanini. Nimelitazama komeo nikaling'oa kwa mkono wangu huu mmoja, ikanichukua muda mrefu na lugha isiyofaa. Josepha aliniangalia akasema tutalala mlango wazi, basi, na akacheka kidogo. Sijamsikia akicheka tangu Januari.

Ijumaa, 20 Mei

Asubuhi. Josepha alikuwa kisimani, nami nilikuwa jikoni nikijifunza kupuliza moto. Kivuli kikaingia mlangoni. Alikuwa Ng'washi, anachechemea, mkono mmoja unaning'inia, mwingine umeshika kigae.

"Mwangaluka, Mwalimu," alisema, kama tunavyoamkiana kwetu.

Nikaitikia. Nilitaka kumwambia habari za Mahona, maneno niliyokuwa nayatunga tangu hospitali, na yote yalikuwa mazuri, kama mahubiri. Sikuyasema. Nilichukua koleo nikabana kaa kwa mkono wa kushoto. Likaanguka. Nikabana tena, likaanguka tena, likanichoma mguu. Ng'washi hakusaidia wala hakuondoka. Alikuwa amekinyoosha kigae, anangoja. Mara ya tatu kaa likafika.

Akalitazama.

"Hili dogo," alisema. "Litazimika kabla sijafika."

Nikampa jingine.